Hesabu Inasema Nunua Viti

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ng'ambo ya maji, upande wa pili kutoka Mwanza mjini. Kwa kawaida tuna watoto kama 20, wengi wao njiti. Mchana tuko wauguzi wawili, usiku mmoja. Tangu Januari tunasumbuliwa na Klebsiella sugu, bakteria asiyesikia dawa nyingi: inatulia mwezi, halafu inarudi. Mganga mfawidhi amepata fedha kidogo na anataka kujenga chumba cha kutenga wagonjwa. Wiki iliyopita alikuja mtaalamu na kompyuta yake, akatuonesha mistari inayopanda na kushuka, akasema modeli inaonesha tatizo ni wauguzi kutonawa mikono. Fomu zetu za ukaguzi zinasema tunanawa kwa asilimia 70. Je, hesabu zinaweza kweli kujua kinachotokea wodini kwangu, au ni namna nyingine ya kutusema? Chumba kijengwe? Na je, tukivaa glovu muda wote haitoshi?

JIBU: Marahaba, Sista. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye maneno "namna nyingine ya kutusema". Nitaanza hapo.

Modeli ya maambukizi ni hadithi fupi ya jinsi kimelea kinavyotoka kwa huyu kwenda kwa yule, ila imeandikwa kwa namba. Mgeni wenu alileta hadithi yenye mhusika mmoja: mkono wa muuguzi. Mhusika huyo yumo, sitakudanganya. Lakini ukimwachia yeye peke yake hadithi nzima, kompyuta itakurudishia kile kile ulichoilisha, kikiwa na rangi nzuri. Swali la kumuuliza mtu wa namna hiyo ni hili: "Ndani ya modeli yako, mama wa mtoto yuko wapi? Muuguzi wa usiku yuko wapi? Na mtoto aliyeletwa na gari la rufaa akiwa tayari amebeba bakteria, umemweka wapi?" Akikosa jibu, mistari yake ni mapambo.

Hadithi yenyewe watu wa ziwani tunaijua kwa jina la malaria. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa India, aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu mwaka 1897 na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Shuleni tunaishia hapo. Baadaye Ross alikaa na kalamu akaonesha kuwa si lazima umalize mbu wote ili malaria iishe. Kuna kiwango, na ukiwashusha mbu chini yake, ugonjwa unazimika wenyewe. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliziboresha hesabu hizo, na mpaka leo ndizo tunazoanza nazo.

Sasa chukua hesabu hizo uziingize wodini. Mgonjwa anakaa mahali pa binadamu, mkono wa mhudumu unakaa mahali pa mbu. Usinune. Mbu hana ubaya wake binafsi. Ili aeneze malaria ni lazima aume mara mbili, kwanza mwenye vimelea, kisha asiye navyo. Mkono nao ni hivyo hivyo: umguse mtoto aliyebeba, kisha umguse mwingine kabla haujatakaswa. Mwaka 1999 watafiti waliitumia hadithi hiyo ya mbu katika chumba cha wagonjwa mahututi huko Chicago, kufuatilia bakteria aina ya enterokoki waliokuwa sugu kwa vankomaisini, dawa ya kuua bakteria. Nitawarudia mbele kidogo, maana walichogundua kinakuhusu moja kwa moja.

Chukua kalamu tufanye hesabu yako. Namba nitakazotumia baadhi ni zako, nyingine nazikisia, na nitakuambia zipi.

Tuseme mtoto aliyebeba Klebsiella anakaa wodini siku 10. Tuseme wauguzi wanamgusa mara 30 kwa siku: maziwa kwa mpira, kanula, joto, nepi, dawa, kumgeuza. Hiyo ni miguso 300. Tuseme katika kila miguso 10, miwili inauacha mkono na bakteria (nakisia). Tuseme mkono huo usipotakaswa, uwezekano wa kumwachia bakteria mtoto anayefuata ni 1 kati ya 20 (hapa nakisia zaidi). Mara 300 kwa 0.2 kwa 0.05, unapata 3. Maana yake, pasipo kunawa kabisa, mtoto mmoja anawapa wenzake watatu, kila mmoja wa hao watatu anawapa watatu, na kuendelea. Namba hiyo tunaiita R.

Ukinawa, unazidisha 3 kwa sehemu ya miguso ambayo haikunawiwa. Mkinawa asilimia 40, R ni 3 mara 0.6, yaani 1.8. Mkinawa asilimia 60 ni 1.2. Asilimia 70, ni 0.9. Mstari uko kwenye 1: juu yake ugonjwa unakua, chini yake kila mnyororo unakatika. Kwa namba hizi mstari unavukwa pale kunawa kunapofika kama asilimia 67. Hapa ndipo kampeni nyingi za mikono zinapovunja watu moyo. Mnajitahidi, mnatoka asilimia 20 hadi 40, kazi kubwa ya kupongezwa, lakini R imetoka 2.4 hadi 1.8 na Klebsiella iko pale pale. Watu wanasema kunawa hakusaidii. Kumesaidia, ila bado mko upande ule ule wa mstari.

Sasa fomu zenu. Mnasema asilimia 70, na kwa hesabu yetu asilimia 70 ingetosha kuizima. Mbona haizimi? Kwanza, mtu akisimama na karatasi mlangoni, kila mtu ananawa. Mimi pia ningenawa. Kwa hiyo fomu inapima unawaji wa wakati mnaangaliwa. Nenda stoo uulize mmetoa lita ngapi za kitakasa mikono mwezi uliopita. Nikisie lita 5, maana ndicho ninachokutana nacho mara nyingi katika hospitali za ukubwa wenu. Kujipaka mara moja kunatumia kama mililita 3. Lita 5 ni mara 1,667. Watoto 20 wakiguswa mara 30 kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni miguso 18,000. Gawa: ni asilimia 9. Ongeza ndoo ya maji na sabuni ya pale mlangoni, nikuhesabie kwa ukarimu mkubwa, nakupa asilimia 40. Daftari la stoo halina aibu, na ndiyo maana nalipenda kuliko fomu.

Kabla hujaanza kujilaumu, hesabu nyingine. Usiku uko peke yako na watoto 20. Watoto njiti hawajui usiku, kwa hiyo katika zamu ya saa 12 una miguso 300. Kunawa kwa maji na sabuni ipasavyo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni sekunde 40 hadi 60. Zidisha. Ni kati ya saa 3 na dakika 20, na saa 5 kamili, ukiwa umesimama kwenye ndoo, bila kuhesabu kutembea kwenda na kurudi, wakati mtoto wa kitanda cha nne anageuka bluu. Haiwezekani. Hata malaika hawezi. Kitakasa cha spiriti kikiwa kwenye kila kitanda ni sekunde 20 hadi 30, yaani saa 1 na dakika 40 hadi saa 2 na nusu. Bado ni nyingi, lakini hii sasa ni kazi ya binadamu. Kwa hiyo mtu akikuambia "tatizo ni wauguzi kutonawa", mwoneshe hesabu hii ya dakika kisha umuulize yeye angenawa saa ngapi. Hii ndiyo sababu nakusihi usizikimbie namba. Zikikaa mikononi mwako zitakutetea kuliko barua yoyote ya malalamiko.

Kuna njia gani nyingine za kuishusha R? Tazama ile hesabu tena: siku 10, miguso 30, visio viwili, na kunawa. Kila namba ni mpini unaoweza kuuvuta. Wengi huvuta mpini wa kunawa tu kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye mabango.

Mpini ninaoupenda mimi ni ule wa miguso 30. Mama naye ana mikono, lakini mama anamgusa mtoto mmoja tu. Katika lugha ya Ross, yeye ni mbu anayeuma nyumba moja. Anaweza kuwa na bakteria mikononi na asiwaeneze kwa mtoto wa pili. Kama mama angekuwa pale muda wote, akamlisha kwa kikombe au kwa mpira chini ya uangalizi wako, akambadilisha nepi, akambeba kifuani kwa huduma ya kangaruu, miguso ya wauguzi inashuka kutoka 30 hadi, tuseme, 15. R yote inakatwa nusu. Kwa kunawa kule kule kwa asilimia 40, unatoka 1.8 hadi 0.9. Umeuvuka mstari bila kununua hata chupa moja. Ukiongeza na chupa kwenye kila kitanda, kunawa kukafika asilimia 60, R ni 0.6. Ule mstari nao umesogea: badala ya kuhitaji kunawa asilimia 67, sasa inatosha theluthi moja.

Sasa niambie, kina mama wa watoto wenu wanalala wapi? Nakisia: wodi ya wazazi, au nje kwenye baraza, na wanaitwa kila saa 3 kuja kukamua maziwa na kuondoka. Hawana pa kukaa. Viti vya kuegemea hakuna, na kiti cha plastiki kwa mwanamke aliyejifungua juzi kwa upasuaji ni adhabu. Basi mfano wa hesabu yangu unasema fedha za mganga mfawidhi zianzie kwenye viti vya kuegemea na vitanda vya kina mama ndani ya wodi, na vitenge vya kubebea. Najua inachekesha. Umeuliza kuhusu bakteria sugu, nami najibu samani.

Nisingethubutu kusema hivyo kwa namba zangu za kukisia pekee. Lakini mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8 walianzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, mama akiwa ndani ya wodi ya watoto mahututi pamoja na mwanawe, badala ya kusubiri hali ya mtoto itulie kwanza. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliohudumiwa kwa utaratibu wa zamani, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu nao walipungua. Joto la mama na maziwa yake vina sehemu yake katika hilo, siwezi kuipa hesabu yangu sifa zote, ila inaelekea upande ule ule.

Tahadhari moja unaijua kuliko mimi. Huku kwetu mama hakai mpweke. Mwenzake akienda kuoga, anamwachia mtoto. Bibi akija kutoka kijijini anawabeba wote wawili na kuwaombea. Tabia njema kabisa, lakini ndani ya wodi hiyo inamrudisha mama kuwa mbu wa nyumba nyingi. Mwambie tu kwa upole: mshike wako, wa mwenzako niite mimi.

Mpini wa siku 10 nao usiudharau. Mtoto akiruhusiwa siku ya 7 badala ya ya 10 kwa sababu amefikia uzito na mama amefuzu kangaruu, R inapungua asilimia 30. Lakini usimruhusu mtu kwa ajili ya hesabu yangu. Mruhusu kwa kuwa yuko tayari, na usimcheleweshe siku tatu kwa kuwa karatasi haijasainiwa.

Tuje kwenye chumba.

Chumba cha kutenga kinafanya kazi tangu siku unapomjua mgonjwa. Mtoto anaingia wodini, anabeba bakteria siku kadhaa bila dalili, kisha siku ya 4, tuseme, anagoma kunyonya. Unachukua damu ya kuotesha, inakwenda Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sampuli haisubiri tena pantoni, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini bakteria hawana habari na daraja: kuota na kupimwa usugu bado kunachukua siku 2 au 3. Jibu linafika siku ya 7. Katika siku 10 za kueneza umeokoa 3, asilimia 30. Tena hiyo ni kwa wale walioonesha dalili. Wabebaji wengi hawaugui kabisa. Bakteria wako tumboni na kwenye ngozi, mtoto ananenepa vizuri. Kama unawajua mmoja kati ya watatu, ile asilimia 30 inakuwa 10. R inatoka 1.8 hadi 1.62. Kwa fedha zote za saruji na mabati, umehama hatua moja.

Juu ya hayo, chumba kinahitaji muuguzi wake. Nani? Ni yule yule wa usiku, ambaye sasa ana milango miwili. Akipungukiwa na muda kunawa kunashuka, na ile asilimia 10 uliyoipata inaliwa na ukuta ulioujenga.

Hata hivyo nimtetee mganga mfawidhi wako, maana hayuko nje ya mstari. Yeyote anayefanya kazi upande huu wa ziwa ana Kagera kichwani. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba. Wagonjwa 9 kwa jumla, 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwemo miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ukatangazwa tena Kagera, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa, waliothibitishwa na wa kudhaniwa, walifariki. Kwa Marburg hesabu ya chumba inageuka kabisa. Mwenye Marburg haambukizi kabla ya dalili, na anaambukiza zaidi kadiri hali inavyokuwa mbaya. Ukimtenga siku ya kwanza ya homa umekata karibu maambukizi yote. Chumba kile kile, matofali yale yale, kwa Klebsiella kinaokoa asilimia 10 na kwa Marburg kinaokoa hospitali nzima. Kinacholeta tofauti ni kama kimelea kinatembea kabla mgonjwa hajajulikana au baada. Kwa hiyo kama anataka chumba kwa ajili ya homa za kutoka damu, mpe mkono wako wote, ila kijengwe karibu na mapokezi, na bajeti yake isitajwe kama dawa ya wodi yako.

Kwa kifua kikuu ni hadithi ya tatu, fupi. Pale mkono hauhusiki, hewa ndiyo inayohusika. Watafiti waliopima hospitali nane za Lima, Peru, matokeo yakatoka mwaka 2007, waliona kwamba madirisha na milango ikiwa wazi hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa, wakati vyumba vyenye mashine vinalenga mara 12. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa. Kwa upepo wa ziwa tulio nao, kufunga madirisha ya wodi ya wakubwa ni kutupa mali. Najua yanafungwa kwa sababu ya mbu na wadudu wa ziwani. Weka nyavu.

Niliahidi kuwarudia wa Chicago. Modeli yao ilikadiria kuwa pasipo juhudi zozote za kuzuia maambukizi, asilimia 79 ya wagonjwa wa chumba kile wangekuwa wabebaji. Waliokuwepo kweli walikuwa asilimia 36. Wauguzi walikuwa wananawa kama nusu ya mara walizotakiwa, na walipangiwa wagonjwa wao maalumu badala ya kila mtu kumgusa kila mtu. R ilikuwa imeshushwa kutoka kati ya 3 na 4 hadi kama 0.7. Wameshinda, basi. Lakini bakteria hawakuisha! Kwa nini? Kwa sababu karibu asilimia 15 ya wagonjwa wapya waliingia wakiwa tayari wamebeba.

Hapa ndipo ninapotaka ukae na mganga mfawidhi. R ikiwa chini ya 1, kila mtoto anayeingia na bakteria bado anaanzisha mnyororo mfupi kabla haujakatika. Urefu wake ni 1 gawa kwa 1 toa R. R ikiwa 0.9, mtoto mmoja wa rufaa anazaa mnyororo wa watoto 10, yeye akiwemo. R ikiwa 0.6, ni wawili na nusu. Kwa hiyo tofauti ya 0.9 na 0.6, ambayo kwenye grafu ya mgeni wenu inaonekana kama unywele, wodini ni tofauti kati ya kulia na kulala. Na wodi inayopokea rufaa kutoka vituo vyote vya jirani haitakuwa na sifuri hata wauguzi wake wangekuwa watakatifu. Ukihukumiwa kwa sifuri, umehukumiwa kwa kosa la kijiji kizima. Tenganisha kwenye daftari: waliozaliwa kwenu na walioletwa, walioanza kuugua ndani ya saa 72 tangu kuzaliwa, ambao mara nyingi walipata kwa mama au njiani, na walioanza baada ya hapo. Kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za hospitali, hakitakupa mgawanyo huo vizuri, chora safu mbili za ziada kwenye kaunta buku.

Kuhusu kutulia na kurudi: kwa wodi ya watoto 20, bahati ina sauti kubwa. Hata R ikiwa 1.8, kama robo ya mara ambazo bakteria wanaingia mnyororo unafia njiani wenyewe, kwa sababu tu mtoto yule aliruhusiwa mapema au muuguzi wa zamu ile alikuwa mwangalifu. Mwezi mmoja mtulivu baada ya semina hauthibitishi kuwa semina imefaulu, na mwezi mmoja mbaya haumaanishi viti vimeshindwa. Nipe miezi sita ndipo nifungue mdomo.

Sasa nikiri. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliitwa kwa jambo kama hili lako. Nilikaa jioni tatu nikatengeneza modeli safi ya mikono, nikaiwasilisha, nikapigiwa makofi. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya nyuma, akauliza: "Mbona wote watano waliugua Jumanne na Jumatano?" Nikamjibu kitu kirefu kisicho na maana. Ilikuwa chupa ya maji ya dripu iliyofunguliwa asubuhi na kutumika kuchanganyia dawa za watoto wote. Mikono hueneza kwa kutawanyika, leo mmoja, keshokutwa mwingine. Wagonjwa wakija kwa kundi, siku moja au mbili, acha hesabu, tafuta chupa, tafuta mashine ya kufyonza ute, tafuta beseni. Modeli yangu haikuwa na chupa ndani yake, na kwa hiyo isingeweza kuiona hata ningeizungusha mwaka mzima. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, naomba tarehe.

Kwa hiyo, Sista, wiki hii fanya hivi. Andika tarehe za kila mtoto aliyeugua tangu Januari, uone kama wamekuja kwa makundi. Uliza stoo lita. Kaa kwenye kona dakika 20, mara moja mchana na mara moja usiku wa manane, uhesabu miguso: ya wauguzi kando, ya kina mama kando. Badilisha namba zangu za kukisia kwa zako, urudie kuzidisha. Kile kisio cha 1 kati ya 20 hutaweza kukipima, nami pia siwezi. Kijaribu kwa 1 kati ya 10 na 1 kati ya 40. R itapanda na kushuka sana. Utakachoona ni kwamba mpangilio haubadiliki: mama wodini ni juu, chupa za kitandani zinafuata, chumba ni chini. Mpangilio huo ndio wa kuuchukua kwenda ofisini.

Kwa upande wa kitakasa, lengo la asilimia 67 kwa miguso 600 ya siku ni kama lita 1.2 kwa siku, lita 36 kwa mwezi. Kina mama wakikaa wodini na miguso ikashuka nusu, ni lita 18. Mfamasia wenu anaweza kukitengeneza kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kutimia lita 10, na chupa zikae saa 72 kabla ya kutumika. Na mbali na moto wa jiko la chai, tafadhali.

Glovu. Glovu iliyovaliwa muda wote kutoka kitanda hadi kitanda, ndani ya hesabu yetu, ni kunawa kwa asilimia sifuri: R ni 3. Inakukinga wewe, mtoto wa pili anapokea alichokiacha wa kwanza. Na ni ghali kuliko spiriti. Vaa kwa damu na kinyesi, ivue, jipake, nenda kwa anayefuata.